Muhogo Usioguswa na Nguruwe

Mkwaja,
9 Februari 1953

Kwa mume wangu Idarusi,

Asalaam aleikum. Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za kuku wangu wawili waliobaki. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanitajia umri wangu kila ninapoinuka kwenye sala. Wewe je? Baridi ya huko milimani imekuachia vidole? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa usiku? Nijibu haya kwanza, mengine baadaye.

Nakuandikia kwa herufi zangu za Kiarabu, za chuoni. Najua tangu uzowee zile za skuli unazisoma kwa kusuasua. Soma polepole, huna pa kukimbilia.

Jambo lililonitia kalamu mkononi ni muhogo. Majani yamejikunja na kuingia mabaka ya manjano, mashina yamedumaa, na ukichimba unakuta kimzizi cha kumpa mtoto achezee. Shamba la Mboni nalo limekwisha. Mboni yule yule mwenzangu, aliyekubeba mgongoni siku za msiba wa babu yako. Kila mwaka tunapanda vijiti vya mashamba yetu yale yale, na kila mwaka ugonjwa unazidi. Mwaka huu kuna nyumba zinalala na uji mweupe.

Sasa Sadalla mwenye duka ameniambia habari iliyonichekesha mpaka nikashika ukuta. Anasema kazi uliyopata huko juu ya Maramba ni kwa Mzungu anayeozesha mihogo. Ati mihogo inaoana, na wewe ndiye unayesimamia mambo ya ndani. Ni kweli? Mwali ni nani na bwana harusi ni nani? Mimi nilikulea nikitaka uwe mwalimu, kumbe umekuwa kungwi wa mihogo! Nieleze yote, usinifiche kitu, maana nimeshaanza kuwaambia watu na sijui ninalowaambia.

Bibi yako na mkeo,
Mwanasiti


Kituo cha Mihogo, juu ya Maramba,
22 Machi 1953

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Mwanasiti,

Shikamoo Bibi. Vidole vyangu vyote vipo na kifua kimepona baada ya sindano niliyochomwa mahali nisipoweza kupataja kwenye barua. Goti lako likandwe kwa maji ya moto kila jioni, na kwa Mboni unipelekee shikamoo yake.

Sadalla hakukosea sana. Muhogo una maua, Bibi, madogo, ambayo sisi tuliokulia shambani hatukuwahi kuyatazama. Kwenye kishada kimoja kuna ya kike na ya kiume. Ya kike hufunguka mwanzo, huku chini ya kishada, ya kiume hufuata baadaye. Kazi yangu ni kulivika ua la kike mfuko wa kitambaa cha bafta kabla halijafunguka, ili nyuki asije akatuletea mchumba tusiyemtaka. Likishafunguka nalipaka vumbi la ua la kiume la mti nilioagizwa, nalifunika tena, kisha naning'iniza kibao cha namba. Ukungwi wangu unaishia hapo.

Mchumba tuliyemchagua ni mpira. Naam, mipira ile ile waliyoiacha Wajerumani, inayoota ovyo kwenye mapori. Kumbe mpira na muhogo ni ukoo mmoja. Mpira haushikwi na ugonjwa wa kukunja majani, ila mzizi wake haulishi mtu. Muhogo unashikwa, lakini mzizi wake ni mnono. Bwana wetu, yule Mzungu, anatafuta mtoto mwenye afya ya upande mmoja na unono wa upande wa pili.

Mbegu zinazopatikana tunazipanda, na kila mbegu ni mtoto mwenye tabia zake. Wengi wanaugua tunawang'oa. Tukipata mmoja aliyesimama vizuri, hatutumii tena mbegu zake, tunakata vijiti. Mtoto wa mbegu hubadilika, lakini kijiti ni mti ule ule, umehamia shimo jingine tu.

Nilimsomea Bwana habari za shamba lako. Akafikiri, akasema ugonjwa wa pwani ni mkali kuliko wa huku, na angependa kuona mti wetu mmoja ukijaribiwa huko. Basi Rafaeli, dereva wa lori letu, atakuletea vijiti, atavivusha Pangani kwenye pantoni kabla masika hayajakata njia. Vipande vyote ni vya mti mmoja.

Kuna masharti mawili, Bibi, nayo nimeyaahidi kwa jina langu. Usile mzizi wake, na usimpe mtu kijiti, mpaka tutakapokuandikia. Majani yake tumeyajua, lakini mzizi bado hatujaujua, kwa kuwa hata huku kwetu miti ni michanga.

Mjukuu wako na mumeo,
Idarusi


Mkwaja,
3 Juni 1953

Mume wangu,

Salamu nyingi na masika tele. Sisi hatujambo, goti limetulia, na kifua chako nimemshukuru Mungu.

Rafaeli alifika akiwa na matope mpaka kwenye kope. Ni Mkristo mwenye adabu, amekula kwangu akarudia. Vijiti vimepandwa na vyote vimechipua. Majani yamenyooka, ya kijani safi, mtu anatamani kuyapiga pasi ayavae. Mboni anakuja kila asubuhi kuyatazama, na akishayatazama anakaa kunywa chai, kwa hiyo muhogo wako unanimalizia sukari. Masharti yako nimeyasikia.

Sasa nijibu maswali, maana nimelala nayo. La kwanza, huyo mtoto akifuata upande wa mpira mtafanyaje? Mimi nimezaa, na hakuna mtoto aliyechukua kile nilichotaka achukue. Mama yako alichukua pua ya babu yako na hasira zangu, ningependa ingekuwa kinyume. La pili, mti ukikatwa vijiti ukapandwa mahali mia, ukifa mmoja wamekufa wote, au kila mmoja ana ajali yake? La tatu, huu ujuzi ni wa mihogo peke yake? Kama mnaweza kumchagulia muhogo mchumba, hamuwezi kitu kingine?

Mwanasiti, mkeo


Juu ya Maramba,
16 Agosti 1953

Shikamoo Bibi,

Natumai barua hii itakukuta mzima na sukari imebaki. Huku kuna ukungu wa asubuhi na tunafanya kazi tumevaa makoti mawili mawili.

La kwanza umeligusa penye kidonda. Watoto wa kwanza wengi wanamfuata mpira: mzizi mwembamba, mgumu, na mengine ambayo bado tunayatafuta. Dawa yake ni kumrudisha mtoto kwa wajomba. Tunamwoza tena kwa muhogo wa kawaida, na anayezaliwa tunamrudisha tena, kila safari tukiwabakisha wasiougua tu. Kazi hiyo ni ya miaka. Vijiti ulivyo navyo wewe ni vya mtoto wa mwanzo, hajarudi kwa wajomba hata mara moja, ndiyo maana Bwana ana wasiwasi naye.

La pili: kila kijiti kina ajali yake, lakini udhaifu wao ni mmoja. Ugonjwa ukipata njia ya kumwingia mmoja, umepata njia ya kuwaingia wote. Kwa hiyo si busara kijiji kizima kupanda mti mmoja.

La tatu limenifurahisha. Nilimuuliza Bwana, akaniketisha kwenye darubini yake. Ile sindano niliyochomwa, Bibi, dawa yake hutolewa kwenye ukungu, jamaa ya ule unaoota juu ya mkate uliolala. Wameona ukungu huo unaua vijidudu vya maradhi, wakaufuga kwa mapipa, wakakamua dawa. Akaweka tone la hamira chini ya kioo. Nikaona viduara vinachipuza viduara vingine. Ni viumbe hai! Vinakula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotoboa matundu kwenye mkate wako wa kumimina. Umekuwa ukifuga maisha yako yote na hukujua una mifugo. Bwana anasema ni ujuzi mmoja: umjue kiumbe alivyo, halafu umpe kazi.

Nisalimie Mboni. Masharti, Bibi.

Idarusi


Mkwaja,
11 Januari 1954

Mume wangu wa darubini,

Salamu aleikum. Sote wazima, joto tu linatupika. Umenyamaza sana, nami nimenyamaza, sasa tumelipana.

Barua yako ya hamira ilinitia kazi. Siku ya kwanza nilipokoroga unga nilikaa nikiutazama, nikawaambia bismillahi hao mifugo kabla ya kuwapa sukari. Mboni alikula vipande kadhaa akasema, "Shoga, wadudu wako watamu, waongeze." Hatukukinai.

Muhogo wako umenipita kimo. Hakuna jani lililokunjamana. Watu wanatoka mpaka Saadani kuja kuuona. Na hapa nataka nikwambie jambo, usinune. Vile vijiti alivyoleta Rafaeli nilivikata vifupi vifupi, nikagawa. Mboni nilimpa siku ile ile, wengine wakafuata. Idarusi, mtu amesimama ugani kwako, amekwamkia, shamba lake limekufa, anakuomba kijiti cha muhogo. Utamwambia hapana kwa mdomo upi? Mtu ataficha chumvi, atasema sukari imekwisha. Kijiti cha muhogo hakinyimwi. Sijapata kusikia aliyekinyima, wala aliyekiuza. Masharti yako yameandikwa na watu wasiokaa Mkwaja.

Tena waambie wazungu wako ajabu hii. Nguruwe mwitu wamefyeka mashamba ya jirani zangu wenye muhogo wa zamani. Wakafika kwangu, wakafukua mzizi mmoja, wakang'ata, wakautupa. Tangu usiku huo hawajarudi, wala kwa Mboni hawajagusa, wala kwa yeyote niliyempa. Mboni anasema wamejua ni muhogo wa Waislamu.

Mwezi ujao ni khitma ya babu yako. Nitachimba, nipike muhogo kwa nazi, watu wale wamwombee. Miaka mingapi sijawapa watu chakula changu mwenyewe! Wewe ukipata ruhusa njoo.

Mkeo Mwanasiti


Juu ya Maramba,
27 Januari 1954

Bibi,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazileta nikitulia.

Usichimbe. Usipike. Asile mtu.

Nilimsomea Bwana barua yako, akicheka pamoja nami kwenye hamira, mpaka nilipofika kwa nguruwe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akatoka na jembe mwenyewe hadi kwenye mti wetu, ule ule tuliokukatia vijiti. Tulisaga kipande cha mzizi tukakitia kwenye chupa, tukaning'iniza ndani yake karatasi ya njano iliyotiwa dawa, tukaziba. Muhogo mtamu huiacha karatasi ilivyo. Huu uliifanya nyekundu ya tofali. Ni sumu, Bibi, imetoka upande wa mpira. Nguruwe waliijua kwa pua.

Sisi watu wa pwani tumezoea muhogo mtamu, tunautafuna mbichi, tunauchoma shambani, tunauchemsha kidogo tu. Wanaokula muhogo mchungu wanajua kuuloweka na kuuanika siku nyingi kwanza. Kwetu hakuna anayejua kazi hiyo, na mtoto anaweza kufa kwa mzizi mmoja.

Mwendee kila uliyempa, na kila aliyepewa naye. Wang'oe. Rafaeli anaondoka na barua hii sasa hivi. Mimi sikupata ruhusa ya kushuka.

Idarusi


Juu ya Maramba,
2 Machi 1954

Bibi yangu,

Shikamoo tena na tena. Rafaeli aliniambia aliiacha barua dukani kwa Sadalla, nawe ulikuwa umekwenda shamba. Mwezi umepita. Khitma imepita. Kila lori linaloingia hapa natoka kulitazama.

Sijali kama watu wamekataa, sijali kama umekasirika. Niandikie neno moja tu kwamba hukula.

Idarusi


Mkwaja,
19 Machi 1954

Idarusi mwanangu,

Leo sikuiti mume. Mimi ni mzima. Sikula. Nisamehe kukuweka roho juu, kalamu ilikuwa nzito na habari zilikuwa hazijakwisha.

Barua yako ilinifikia jioni. Khitma nilipika wali wa kukopa, maana muhogo wangu niling'oa asubuhi iliyofuata barua, mbele ya watu. Halafu nikaanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza walinisikiliza, wakanikaribisha maji, nilipotoka nikawasikia wanacheka. Ya pili mwenye nyumba akaniambia, "Bi Mwanasiti, ulitoa kwa moyo, sasa umeona umestawi unautaka?" Mahali pengine walidai serikali imenituma. Nimekaa Mkwaja tangu nizaliwe, na sikupata kuitwa mchoyo. Siku ile nimeitwa na watu niliowapa.

Nilifika kwa Mboni nimechoka, nikijua huyu angalau hatanisumbua. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shoga, huyo mjukuo kakaa baridini mno. Muhogo huu nnaupalilia mie, majani yake nshayapika kisamvu, na tu wazima. Wee wang'oa wako, wangu niachie." Nikamwomba. Nikamshika mkono. Akaniambia niache utoto, akanitilia chai.

Kisamvu chenyewe alikitwanga akakichemsha kutwa, sumu ikatoka, nadhani ndicho kilichomponza asiamini. Siku ya tisa au ya kumi tangu nimwombe, watoto wa nyumba yake walikwenda kuinga ndege shambani, wakachimba mzizi wakauchoma. Wakubwa waliona uchungu wakatema. Mwatumu, yule mdogo wa bintiye, alikuwa na njaa, akala. Walimleta miguu imelegea, anatapika, macho yamemgeuka, pumzi inakwenda na kukatika. Nilimkuta mapajani mwa Mboni. Sitaki kukueleza uso wa Mboni. Tulipata gari la samaki likamkimbiza Pangani. Mimi nilipanda pamoja nao, na njia nzima sikuweza kumtazama mwenzangu.

Mwatumu amepona. Amerudi nyumbani, anatembea, jana alivunja kikombe changu. Ningekuandikia kabla ya haya ningekuandikia nini?

Mashamba yameng'olewa yote, safari hii waling'oa wenyewe, sikumwambia mtu. Mboni alikuja kwangu siku ya tatu tangu waruhusiwe hospitali. Niliogopa nikajifanya nalala. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akasema, "Inuka. Wee ulinambia, mie ndo sikusikia. Mungu kaninusuru, yamekwisha." Akanipikia. Tulilia, tukala, tukalia tena. Ni mtu wa peke yake, Idarusi.

Kuna swali moja linanizunguka kichwani, nami naona haya kuuliza baada ya yote haya. Hauwezi kupatikana muhogo wenye uchungu kwenye ganda, wa kuwakimbiza nguruwe, na utamu ndani?

Bibi yako


Juu ya Maramba,
5 Aprili 1955

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua zako za mwaka huu zote zimenifikia, na habari za goti, na za Mwatumu kuanza chuo cha Kurani. Mimi sijambo. Swali lako la ganda nilimfikishia Bwana siku zile, na hajaacha kulitaja. Anasema ipo mihogo ya namna hiyo, uchungu umebaki zaidi kwenye ganda, na kwamba wewe ungekaa huku kazi ingekwenda mbio.

Rafaeli anakuja na vijiti vipya. Najua moyo utakuruka, lakini sikiliza. Huyu amerudishwa kwa wajomba mara tatu, na ndoa ya kwanza ilifungwa kabla mimi sijaajiriwa. Majani hayaugui. Mzizi ni mnono. Karatasi yetu imebaki njano. Bwana alitaka vijaribiwe kwa mtu mwingine. Nikamwambia pwani nzima hakuna anayejua kosa linavyokwenda kumshinda Bi Mwanasiti. Akakubali.

Nimekutilia chupa na karatasi za njano ndani ya bati. Kila baada ya muda chimba mzizi mmoja, usage, uning'inize karatasi, uzibe, uiangalie kesho yake. Masharti ni yale yale. Usile, usimpe mtu. Safari hii nakuomba kwa magoti.

Idarusi


Mkwaja,
20 Novemba 1955

Mume wangu,

Salamu na mapenzi. Leo nakuita tena mume, maana nina ombi. Sisi wazima, vuli imenyesha vizuri.

Muhogo umeshika. Karatasi zako ndizo starehe yangu ya uzeeni. Nilisaga mzizi wa kwanza nikalala nikiamka kuitazama chupa, asubuhi karatasi ni njano kama ilivyokuja. Nikajaribu muhogo wa zamani wa kijiji: njano. Nikajaribu kokwa ya embe, kwa udadisi tu, na majani ya mchicha. Sadalla amenipigia hesabu akaniambia karatasi zitakwisha kabla ya kazi. Nimejizuia.

Watu wanakuja kwenye mpaka wa shamba. Wanasimama. Wengine wanaogopa, wengine wanaomba, na wanaoomba ni wengi kuliko nilivyotazamia. Nawaambia bado haujajulikana. Naona haya mpaka naingia ndani.

Mboni hajaomba. Anakuja, anautazama, anakunywa chai yake, anaondoka. Shamba lake halina kitu tangu tung'oe. Najua ataomba kabla mvua hazijaisha, na mimi namjua. Nakuomba kijiti kimoja tu, Idarusi, kwa Mboni peke yake. Karatasi ni njano, wewe mwenyewe umesema.

Mwanasiti, mkeo


Juu ya Maramba,
8 Desemba 1955

Shikamoo Bibi,

Natumai u mzima. Nimeizungusha barua yako kutwa kabla ya kukaa kuijibu.

Hapana, Bibi. Karatasi ya vuli haitoshi. Ardhi ikikauka muhogo huzidisha uchungu wake, na mchanga wa Mkwaja unakauka kuliko udongo wetu. Mti uliokuwa mtamu Novemba unaweza kubadilika Februari. Mpaka kiangazi kiishe, na karatasi ibaki njano, na mizizi ije hapa Bwana aipime kwa vyombo vyake, mimi sijui kama ni mtamu. Naamini ni mtamu. Kujua sijui.

Na kijiti kimoja kwa Mboni hakitabaki kimoja. Naye atasimamiwa ugani.

Nisamehe. Ningeweza kushuka nikamwambia mwenyewe ningeshuka.

Idarusi


Mkwaja,
26 Februari 1956

Mume wangu Idarusi,

Salamu aleikum. Mimi mwili mzima. Jua ni kali, visima vimeshuka, na majani ya muhogo wako bado yanatazama juu. Karatasi ya mwisho niliiweka juzi: njano. Nimeichukua mpaka dukani Sadalla aithibitishe kwa macho ya kijana. Njano.

Mboni alikuja wiki ile ile ilipofika barua yako. Hakuja mkono mtupu, aliniletea sahani ya visheti. Tukala. Tukasema ya watu. Alipoinuka alisimama kwenye mpaka akaniambia, bila ya kunitazama, "Nikatie kijiti, shoga, niwahi hii mvua ya mwisho."

Nilikuwa nimejipanga maneno. Nilitaka kumweleza ya ardhi kukauka, na vyombo vya Bwana. Yote yalinipotea. Nikasema, "Siwezi, Mboni. Ngoja."

Akanigeukia. Akasema, "Hunipi?"

Nikasema, "Sikupi. Bado."

"Mie?" akasema. "Mwanasiti, mie wanyima kijiti?"

Nikamwambia kwa ajili ya Mwatumu. Akasema Mwatumu nisimtie kinywani mwangu. Akachukua sahani yake, na visheti vilivyobaki akavimwaga juu ya ungo wangu ili asiondoke na alichokwisha kunipa. Hata kwenye hasira ana adabu.

Tangu siku hiyo hanisalimu. Kisimani ananisubiri niondoke. Kwenye msiba wa juzi tulikaa chumba kimoja, akachagua mkeka wa mbali. Nimemtuma mtu, nimemtumia mkate, mkate umerudi. Chai ya asubuhi nainywa peke yangu na sukari haiishi. Watu wengine niliowanyima wananung'unika kisha wanasahau, lakini huyu alinisamehe sumu iliyomlaza mjukuu wake, na kijiti nilichomnyima hajanisamehe. Sikujua kuna kosa kubwa kuliko lile.

Sijutii. Nikikumbuka ile pumzi ya Mwatumu ikikatika ndani ya gari, sijutii. Lakini nalia, nakwambia ukweli, na sikulia hivi tangu babu yako.

Rafaeli anaondoka sasa na gunia la mizizi, nimechanganya ya mwanzo wa shamba na ya mwisho, kama ulivyofundisha. Vijiti vya Mboni nimeshavikata. Nimechagua mashina manene, nimeyafunga kwa ukindu, yako kivulini nyuma ya jiko, nayanyunyizia maji asubuhi na jioni. Unajua kijiti kikishakatwa hakikai sana. Mwambie Bwana wako afanye haraka.

Mkeo,
Mwanasiti